Maumivu ya kifua kwa mjamzito na mzazi: maswali kuhusu mishipa ya moyo

Hapa tumekusanya maswali ambayo wajawazito, waume zao, mama wakwe na hata wauguzi wenzetu hutuuliza kuhusu mishipa inayolisha moyo. Tumeyajibu kama tunavyoyajibu kliniki. Ikiwa unasoma huku kifua kinakuuma, acha kusoma, nenda hospitali. Ukifika, waambie una mimba ya wiki ngapi au umejifungua lini, na uombe kupimwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo.

Mishipa ya moyo ni ipi, na mimba inaihusu nini?

Moyo husukuma damu kwenda mwili mzima, lakini wenyewe nao unahitaji kulishwa. Chakula chake hupita kwenye mishipa miwili midogo inayochipuka mwanzoni kabisa mwa mshipa mkuu wa damu, mmoja kulia na mwingine kushoto, kisha ikagawanyika na kuukumbatia moyo kwa nje. Tawi moja likiziba, nyama ya moyo iliyokuwa ikilishwa na tawi hilo huanza kufa isipofikiwa mapema. Hilo ndilo shambulio la moyo.

Mimba inaongeza kazi. Damu ya mama huongezeka kwa asilimia 40 hadi 50, mapigo ya moyo hupanda kwa 10 hadi 20 kwa dakika, na damu huwa tayari kuganda kwa haraka ili mama asivuje sana atakapojifungua. Homoni nazo hulegeza kuta za mishipa. Kwa walio wengi mwili huyabeba yote hayo bila shida. Kwa wachache, mshipa hushindwa.

Shambulio la moyo si ugonjwa wa wazee?

Mara nyingi ndiyo, na ndiyo maana kwa mama wa miaka 32 hakuna anayelifikiria. Mwanamke mjamzito au aliyejifungua karibuni ana uwezekano mara 3 hadi 4 zaidi wa kupata shambulio la moyo kuliko mwenzake wa umri huo asiye na mimba. Bado ni tukio la nadra: takwimu za hospitali za Marekani za miaka ya 2002 hadi 2014 zilionyesha takriban visa 8 kwa kila mimba 100,000. Lakini kati ya wanawake hao, karibu 1 katika kila 22 alifariki, na zaidi ya nusu walipata shambulio lao baada ya kujifungua, wakati watu wameshahamia kwenye pongezi na jina la mtoto.

Huku kwetu Afrika Mashariki, tukisikia mjamzito ana moyo tunafikiria kwanza vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, au moyo uliotanuka baada ya kujifungua. Ni sahihi, hayo ndiyo tunayoyaona zaidi. Ubaya ni kwamba mazoea hayo hutufanya tusiitazame mishipa kabisa.

Nani yuko kwenye hatari zaidi?

Aliyevuka miaka 35, mwenye presha, kisukari, uvutaji wa sigara, mafuta mengi kwenye damu, kifafa cha mimba, damu yenye tabia ya kuganda ovyo, au aliyewahi kupata tatizo la moyo kabla. Hata hivyo usiitumie orodha hii kujipa kinga. Soma jibu linalofuata.

Nimesikia mshipa wa moyo unaweza kuchanika wenyewe. Ni kweli?

Kweli, na kwa wajawazito na wazazi ndiyo sababu inayoongoza. Katika uchambuzi wa visa 150 uliochapishwa mwaka 2014, wale ambao mishipa yao ilichunguzwa, karibu 4 kati ya 10 walikuwa na mchaniko. Mafuta yaliyogandana ukutani, yale ya wazee wetu, yalifuata kwa kiasi cha robo. Waliobaki walikuwa na donge la damu, mshipa uliojikaza, au mishipa iliyoonekana haina kasoro.

Ukuta wa mshipa una tabaka tatu zilizobanana kama chapati ya kusukuma. Katika mchaniko, tabaka la ndani huachana na lenzake, damu ikapenya katikati na kufanya uvimbe unaoibana njia kutokea pembeni. Mshipa haujaziba kwa uchafu. Umebanwa na damu iliyoingia pasipo pake.

Mwanamke anayepatwa na hili mara nyingi hana presha, hana sukari, si mnene, hajashika sigara maishani. Hutokea zaidi miezi mitatu ya mwisho ya mimba na wiki za kwanza baada ya kujifungua. Kisa cha kwanza kuandikwa kilikuwa Uingereza mwaka 1931, cha mwanamke wa miaka 42, na kiligunduliwa baada ya kifo. Kwa miaka mingi baadaye uliendelea kuonekana kama ugonjwa wa mochwari, kwa sababu wodini hakuna aliyekuwa akiutafuta.

Nitajuaje kama ni kiungulia au ni moyo?

Swali hili tunaulizwa kuliko yote, na jibu la kweli ni kwamba nyumbani huwezi kujua kwa uhakika. Kiungulia huwaka, hupanda kooni na ladha ya uchachu, huzidi ukilala chali, hutulia ukinywa dawa yake. Maumivu ya moyo huwa kama uzito, kubanwa au kukabwa katikati ya kifua, yakielekea taya, shingo, mgongo katikati ya mabega, au mkono, hasa wa kushoto. Huja na kijasho chembamba, kichefuchefu, pumzi kukata, kizunguzungu. Lakini wapo wenye moyo ambao kilichowauma ni chembe tu, pale juu ya tumbo, na wapo ambao hawakuumwa kifua hata kidogo: walikosa pumzi na kuchoka ghafla.

Mama mmoja tuliyempokea alikuwa siku ya tisa tangu ajifungue mtoto wa tatu. Usiku alikunywa uji wa pilipili manga, kama mzazi yeyote. Alfajiri aliamka na kitu kizito kifuani, shuka limelowa jasho. Mama mkwe akasema ni uji. Jirani akasema ni chango. Kituo cha kwanza walichofika wakampa dawa ya vidonda vya tumbo na kumrudisha nyumbani. Saa nane mchana alipoingia kwetu, ukimwuliza panapouma hakuonyesha kwa kidole. Alikunja ngumi juu ya kanga, katikati ya kifua, akaibana pale. Anayeonyesha kwa kidole kimoja anaweza kuwa na msuli au mbavu. Anayeonyesha kwa ngumi, mpeleke kwenye ECG kabla hujamuuliza jina la mtoto.

Maumivu yaliyozidi dakika 10 hadi 15, au yanayorudi rudi, au yaliyokuja na jasho na pumzi kukata, si ya kusubiri asubuhi.

Hospitali watanipima nini? Vipimo vitamdhuru mtoto?

ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, huchukua dakika chache na hakitoi mionzi yoyote. Unabandikwa vinasa kifuani, mikononi na miguuni, basi. Kifanyike ndani ya dakika 10 tangu ufike, na kama hakikuonyesha kitu huku maumivu yakiendelea, kirudiwe. Kwa wenzetu wanaokisoma: mimba huusogeza moyo kidogo upande wa kushoto, na mawimbi kadhaa yaliyopinduka, hasa kwenye waya wa tatu, yanaweza kuwa ya kawaida. Mstari wa ST uliopanda si wa kawaida kwa mjamzito yeyote.

Kipimo cha damu cha troponini huonyesha kama nyama ya moyo imeumia. Kinabaki cha kuaminika wakati wa mimba, uchungu na baada yake. Kile cha zamani, CK-MB, hupanda kwa kazi ya kujifungua tu, kwa hiyo hapa hakifai. Troponini hurudiwa baada ya saa chache, maana ya mapema inaweza kutoka safi. Inaweza pia kupanda kidogo kwa mwenye kifafa cha mimba au donge la damu kwenye mapafu, na hayo yote mawili ni ya hatari vilevile, hivyo hakuna troponini iliyopanda ambayo mtu anarudishwa nayo nyumbani.

Eko ni ultrasaundi kama ile ya mtoto, safari hii inaelekezwa kwenye moyo. Huonyesha sehemu isiyokunjika vizuri.

Na ile picha ya mishipa yenye mionzi?

Daktari hupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye mkono, karibu na kiganja, hadi kwenye moyo, akaweka dawa na kupiga picha. Ndiyo huduma inayoitwa ya tundu dogo, na kwa Tanzania hufanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, pamoja na hospitali nyingine chache.

Mionzi inaelekezwa kifuani. Inayomfikia mtoto tumboni ni ndogo, kwa kawaida chini ya miligrei chache, wakati wataalamu huanza kuhofia madhara inapofika miligrei 50 (miligrei ni kipimo cha mionzi). Waume wengi wanakataa kusaini hapa. Tunawaambia hivi: mtoto hana moyo mwingine wa kumletea damu zaidi ya huo wa mama. Kama mama anahitaji kipimo hiki, kukiacha ndiyo hatari kubwa kwa wote wawili.

Jambo moja la fundi: mshipa uliolegea kwa mimba unaweza kuchanika zaidi ukisukumwa dawa kwa nguvu. Kazi hii ifanywe na mkono uliozoea. Mgonjwa aliyetulia, ambaye picha haitabadilisha matibabu yake, anaweza kuangaliwa bila kuharakishwa.

Kama si mishipa ya moyo, inaweza kuwa nini?

Donge la damu kwenye mapafu, mshipa mkuu wa damu kuchanika, moyo kutanuka baada ya kujifungua, nimonia, kifafa cha mimba chenye maumivu ya chembe upande wa kulia. Hakuna hata kimoja cha kukaa nacho nyumbani.

Nikikutwa na shambulio, nitawekewa stenti?

Inategemea kilichoubana mshipa. Kama ni donge au mafuta, na mshipa umeziba kabisa, kuufungua kwa tundu dogo na kuweka stenti, kijibomba cha waya kinachouacha mshipa wazi, ndilo tiba la kwanza, mimba au hakuna mimba.

Kama ni mchaniko na damu bado inapita, presha ya mama haijaporomoka na maumivu yametulia, mara nyingi tunaacha mikono mbali. Jamaa hushangaa: mmegundua tatizo halafu hamlitengenezi? Sababu ni kwamba waya na puto vya kufungulia mshipa vinaweza kuingia kwenye njia ya uongo, ile ya katikati ya tabaka, na kurefusha mchaniko. Ukiachwa, ukuta mwingi hujifunga wenyewe ndani ya wiki au miezi. Yule mama wa siku ya tisa hakuwekewa stenti. Alilazwa wiki nzima, akifungwa mashine ya kufuatilia mapigo usiku na mchana, kwa kuwa siku za kwanza ndizo mchaniko unaweza kuendelea. Mtoto aliletwa kunyonya kwa ratiba.

Akizidiwa, maumivu yakarudi, presha ikashuka, au mchaniko uko kwenye shina la mshipa wa kushoto, hapo tunaingilia, kwa stenti au kwa kupandikiza mshipa.

Hospitali yetu haina tundu dogo. Ile sindano ya kuyeyusha donge je?

Streptokinesi na alteplesi zinaweza kuokoa maisha pale mshipa umeziba kwa donge na hakuna usafiri wa kumfikisha mgonjwa kwa wakati. Lakini kwa mjamzito zinaweza kuleta kuvuja damu kwenye kondo, na kwenye mchaniko zinaweza kuongeza damu ndani ya ukuta na kuharibu zaidi. Kwa kuwa mchaniko ndio unaoongoza kwa wanawake hawa, daktari apige simu kwa wa moyo kwanza, atume picha ya ECG kwa simu, ndipo aamue.

Kuhusu usafiri: Tanzania, mjamzito, mama aliyejifungua ndani ya siku 42 na kichanga wana mfumo wa m-mama, namba 115, simu bila malipo. Mama mwenye maumivu ya kifua siku ya thelathini bado ni wa mfumo huo. Wengi wanadhani ni wa uchungu tu.

Dawa zipi ni salama?

Aspirini ya dozi ndogo, ile ya miligramu 75 hadi 150 ambayo wengine mnapewa kuzuia kifafa cha mimba, inatumika. Labetaloli au metoprololi hupunguza kasi ya moyo na kuupumzisha ukuta uliochanika. Atenololi tunaiepuka kwa sababu hudumaza mtoto. Heparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, haivuki kondo. Klopidogreli, kidonge cha kuzuia damu kuganda, hutolewa pale tu inapohitajika, hasa kwa mwenye stenti, na kwa muda mfupi iwezekanavyo.

Enalaprili, kaptoprili, losatani na ndugu zao huharibu figo za mtoto na kukausha maji ya chupa. Kama ulikuwa unazitumia kwa presha ukagundua una mimba, njoo kliniki wiki hiyo hiyo ubadilishiwe. Usiache mwenyewe na kukaa bila dawa. Hilo nalo tumeliona, na presha haikusubiri. Dawa za kushusha mafuta kwa kawaida husimamishwa hadi mimba iishe, isipokuwa kwa wachache ambao daktari wa moyo ameamua vingine.

Nitalazimika kujifungua kwa upasuaji?

Hapana. Watu hupigwa na butwaa kwa jibu hili, maana wanadhani kisu ndiyo njia ya raha. Upasuaji huleta kuvuja damu zaidi, maambukizi na madonge. Kwa mama aliyetulia, njia ya kawaida ndiyo tunayoipendelea, ila kwa mpango: amelalia ubavu wa kushoto, ana oksijeni ikihitajika, ganzi ya mgongoni ya kupunguza uchungu pale inapopatikana, na mwishoni anasaidiwa kwa vakyumu, kifaa cha kumvuta mtoto, ili asisukume kwa nguvu zote. Uchungu usiopunguzwa hupandisha mapigo na presha, na hilo ndilo tunalolikimbia.

Kama shambulio limetokea ukiwa bado na mimba, tunajitahidi zipite angalau wiki 2 kabla ya kujifungua, ikiwa hali ya mama na mtoto inaruhusu. Ganzi ya mgongoni nayo ina masharti: klopidogreli isimamishwe siku 5 hadi 7 kabla, na heparini ya dozi ya tiba, ile ya sindano za chini ya ngozi, saa 24 kabla. Ndiyo maana daktari wa usingizi anatakiwa kukufahamu mapema, asikutane nawe kwa mara ya kwanza thieta.

Swali la wakunga: sindano gani baada ya mtoto kutoka?

Ergometrini hapana. Hukaza mishipa, ya moyo ikiwemo, na imewahi kusababisha shambulio hata kwa wasio na tatizo. Oksitosini inatumika, polepole kwa dripu, si kusukumwa mshipani kwa mkupuo. Andikeni kwa kalamu nyekundu juu ya faili, kwa sababu zamu ya usiku haikuwepo kwenye kikao cha mchana.

Tumbo likikaza baada ya kujifungua, damu nyingi hurudi kwa moyo kwa ghafla. Saa 24 hadi 48 za mwanzo mama asiachwe bila kuangaliwa.

Moyo wa mjamzito ukisimama, tufanye nini?

Kandamiza kifua palepale kama kwa mtu yeyote, haraka na kwa nguvu, huku mwenzako akisukuma tumbo kwa mikono kuelekea kushoto kwa mama, ili uzito usibane mishipa mikubwa ya nyuma. Mshtuko wa umeme hutolewa kwa kiwango kilekile, na haumdhuru mtoto kiasi cha kuunyima. Kwa watoa huduma: kama mfuko wa uzazi umefika kitovuni na mapigo hayajarudi ndani ya dakika 4, mtoto atolewe kwa upasuaji hapo hapo alipolala mama, awe nje kufikia dakika ya 5. Hatumsukumi kwenda thieta. Kumtoa mtoto kunaupa moyo wa mama nafasi ya kurudi.

Naweza kunyonyesha?

Wengi ndiyo. Aspirini ndogo, labetaloli, metoprololi, heparini na hata enalaprili, ambayo ilikatazwa mimbani, zinakubalika. Klopidogreli na dawa za mafuta zinajadiliwa kwa kila mama peke yake.

Nilishapata tatizo la mishipa ya moyo kabla. Naweza kubeba mimba?

Wengi wanaweza, kwa maandalizi. Baada ya shambulio la moyo tunashauri ipite angalau miezi 12, upimwe eko na uwezo wa moyo ukifanya mazoezi, na dawa zibadilishwe kabla ya kushika mimba. Moyo uliodhoofika sana ni hadithi nyingine. Hapo tutakwambia waziwazi usijaribu.

Aliyepata mchaniko ndani ya mimba yuko kwenye kundi gumu. Wapo waliobeba tena wakajifungua salama, na wapo waliopata mchaniko wa pili. Wataalamu wengi hushauri kutobeba tena, hasa kama moyo ulibaki dhaifu. Akiamua kubeba, aamue akiwa amekaa na daktari wa moyo na wa uzazi pamoja, mume akiwepo. Uamuzi wa aina hii ukiachiwa shangazi na mama mkwe, tunaujua unavyoisha.

Nilipata kifafa cha mimba tu, moyo haukuguswa. Hili linanihusu?

Linakuhusu. Aliyepata kifafa cha mimba ana hatari takriban mara 2 ya kupata ugonjwa wa mishipa ya moyo baadaye maishani. Pima presha kila mwaka, na sukari na mafuta mara kwa mara, hata mtoto huyo akishafika sekondari.

Njia gani ya uzazi wa mpango inafaa?

Vidonge vya majira vyenye estrojeni tunaviepuka, maana vinaongeza kuganda kwa damu. Kitanzi cha shaba hakina homoni, ila kwa anayetumia aspirini na klopidogreli hedhi inaweza kuwa nzito, na akiwa na upungufu wa damu hilo si dogo. Kijiti na kitanzi chenye homoni moja vinajadiliwa na daktari wako wa moyo. Kwa aliyepata mchaniko tunakuwa waangalifu zaidi. Kufunga uzazi kwa mwanaume ni upasuaji mdogo wa ganzi ya pale pale, na anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Swali hilo tunaulizwa mara chache, na karibu kila mara anayeuliza ni mke, mume akiwa amekaa pembeni anatazama simu.